Makubaliano ya Kusoma Karatasi: Historia ya Kiolesura Sanifu cha Skana na Kumbukumbu za Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo moja la kiufundi ambalo wanahistoria wetu hawalitazami sana, yaani kiolesura sanifu kinachoiwezesha programu ya kompyuta kuiagiza skana ichukue taswira ya waraka. Tumechagua kulieleza jambo hilo kwa kulihusisha na mahali ambapo karatasi zina uzito usio wa kawaida, nazo ni wilaya za Masisi na Walikale katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika wilaya hizo, swali la nani ni raia na swali la shamba ni la nani yameulizwa kwa miongo mingi, na mara nyingi jibu limetafutwa katika karatasi. Kwa hiyo njia ya kuihifadhi karatasi si suala la mafundi peke yao.

Kabla hatujaendelea, inafaa tufafanue istilahi. Skana ni chombo kinachoumulika waraka, kikapima mwanga unaorudi, kisha kikaugeuza kuwa nukta zenye thamani za namba. Mkusanyo wa nukta hizo ndio tunaouita taswira. Kiendeshi ni programu ndogo inayoijua skana ya aina fulani na namna ya kuiamrisha. Kiolesura ni istilahi yenye utata kidogo, kwani wasomaji wengi huielewa kuwa ni sura ya programu inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Katika makala haya tunakusudia maana nyingine, yaani kanuni ambazo programu mbili hukubaliana kuzifuata zinapozungumza. Mtumiaji hakioni kiolesura cha namna hii, lakini bila hicho hakuna kinachotendeka.

Hoja yetu ni kwamba kinachodumisha kumbukumbu si chombo bali ni makubaliano, na makubaliano hayadumu mpaka yaandikwe kwa ukamilifu na kuwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma.

2.0 Karatasi katika Historia ya Masisi na Walikale

Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye eneo la kilomita za mraba 4,734. Walikale, iliyo magharibi yake, ni nchi ya misitu yenye kilomita za mraba 23,475, eneo linalozidi theluthi moja ya jimbo zima. Wakazi wake ni pamoja na Wahunde, Wanyanga, Wakano, Wakumu, Watembo, Wahutu na Watutsi, na Kiswahili ndicho lugha inayowakutanisha sokoni, kanisani na katika ofisi za serikali, ambayo wenyeji huiita Leta.

Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliingiza karatasi katika mahusiano ya ardhi mapema. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, kampuni iliyopewa mamlaka makubwa juu ya ardhi ya Kivu kwa faida ya walowezi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 ulitekelezwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, ambao uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaleta hasa katika milima ya Masisi. Uhamisho wa namna hiyo ni kazi ya orodha: majina, vijiji, idadi ya watu wa nyumba. Wakati wa uhuru, sehemu kubwa ya kumbukumbu za utawala huo ilipelekwa Brussels, nazo leo zinahesabiwa miongoni mwa nyaraka za taifa la Ubelgiji. Hivyo mjukuu wa mtu aliyehamishwa, hali kadhalika mjukuu wa mtu ambaye ardhi yake ilitolewa kwa wageni, wote wawili wako mbali na maandishi yanayowahusu.

Baada ya uhuru, thamani ya maandishi hayo ilipanda. Sheria ya uraia ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamefika Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilibatilisha jambo hilo, ikadai kwamba raia awe mzao wa kabila lililokuwamo katika mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 nayo ilirudisha kipimo kwenye wakati wa uhuru, mwaka 1960. Tarehe hizi tatu zina maana moja kwa mtafiti wa nyaraka: kila sheria ilimtaka mwananchi athibitishe mahali walipokuwa wazee wake siku fulani. Kwa mwaka 1950 huenda karatasi ikapatikana. Kwa mwaka 1885 karibu hakuna familia milimani yenye karatasi ya aina yoyote.

Katika ardhi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kwa desturi, mtu alipata haki ya kulima kwa kumwendea mwami na kutoa ada, na mashahidi wa makubaliano hayo walikuwa watu, si wino. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na ikaweka cheti cha usajili kuwa uthibitisho wa haki ya mtu. Sheria hiyohiyo iliahidi kwamba haki za wakulima wa kimila zingewekewa utaratibu kwa amri ya Rais. Kwa miongo kadhaa amri hiyo haikutolewa. Matokeo yake ni kwamba mwenye uwezo wa kufika ofisini alipata cheti juu ya kilima ambacho wengine walikilima kwa makubaliano ya mdomo. Makubaliano ya namna mbili yalikaa juu ya udongo mmoja, na kila upande ulisoma ya kwake tu.

Zoezi la kuwatambua raia lililofanyika mwaka 1991 liliongeza hofu. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea hadi Masisi na kuua maelfu ya watu. Kisha zikafuata vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Nyumba zilipochomwa, karatasi zilizokuwamo ziliungua pamoja nazo. Mji wa Goma, ambako ndiko makao makuu ya jimbo, ulipitiwa na uji wa volkano ya Nyiragongo mwezi Januari 2002. Sensa ya mwisho ya watu nchini ilifanyika mwaka 1984. Kadi ya mpigakura iliyoanza kutolewa mwaka 2005, ikiwa na picha ya mwenyewe na alama za vidole zikiwa zimechukuliwa kwa vyombo vya kielektroniki, ndiyo iliyokuja kutumika kwa wengi kama kitambulisho. Lakini katika uchaguzi wa Desemba 2023 watu wa Masisi hawakupiga kura, kwa kuwa vita vilizuia uandikishaji. Mwezi Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji mdogo wa Masisi na kisha Goma, na mwezi Machi mwaka huohuo lilifika Walikale kabla ya kuondoka hapo mwezi Aprili. Karatasi za ofisi na za familia katika nchi kama hiyo haziwezi kutegemea kabati moja. Zinahitaji nakala, na nakala za leo hupitia skana.

3.0 Hali Kabla ya Usanifishaji

Taswira ya kwanza kusomwa na kompyuta ilitengenezwa mwaka 1957 nchini Marekani na Russell Kirsch na wenzake. Ilikuwa picha ya mtoto wake mchanga, yenye nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976 tu. Skana za mezani zilipoanza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1980, tatizo halikuwa tena namna ya kuisoma karatasi. Tatizo lilikuwa kwamba kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake.

Hatua ya kwanza ya makubaliano ilihusu faili. Mwaka 1986 kampuni ya Aldus ilichapisha muundo wa faili unaoitwa TIFF, ili watengenezaji wa skana waache kubuni kila mmoja muundo wake. Muundo huo ulienea, na toleo lake la sita lilitolewa mwaka 1992. Hata hivyo TIFF ilishughulikia taswira iliyokwisha kuchukuliwa. Haikusema lolote juu ya namna ya kuiamrisha skana iichukue.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba zipo programu 10 na aina 10 za skana. Ikiwa kila programu lazima ifundishwe kila skana, viendeshi 100 vitahitajika. Ikiwa programu zote na skana zote zitafuata kanuni moja katikati, kazi zitakuwa 20 tu: kila programu itajifunza kanuni mara moja, na kila skana mara moja. Tena skana mpya ikitoka, programu za zamani zitaweza kuitumia bila kubadilishwa. Hiyo ndiyo faida ya kiolesura sanifu, na ni faida ileile inayopatikana watu wa lugha nyingi wanapokuwa na lugha moja ya sokoni.

4.0 TWAIN

Mwaka 1992 kampuni za Aldus, Caere, Eastman Kodak, Hewlett-Packard na Logitech ziliungana kutoa kiolesura kilichoitwa TWAIN. Jina hilo halikuwa kifupisho. Ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mbili, linalojulikana kupitia shairi la Rudyard Kipling juu ya Mashariki na Magharibi, nalo lilidokeza ugumu uliokuwapo wa kuzikutanisha kompyuta na skana.

TWAIN iligawa kazi katika sehemu tatu: programu inayotaka taswira, chanzo kinachoijua skana, na msimamizi anayekaa katikati na kuziunganisha sehemu mbili hizo. Mazungumzo yao hupitia hali saba zilizopangwa kwa zamu, tangu kabla ya msimamizi kupakiwa hadi taswira inapohamishwa, na si ruhusa kuruka hali moja kuiendea nyingine ovyo. Chombo na programu hukubaliana kwanza juu ya uwezo wa chombo, kwa mfano wingi wa nukta kwa inchi au ukubwa wa karatasi, ndipo kazi ianze.

Kwa desturi ya TWAIN, chanzo huja na dirisha lake chenyewe la kuonyesha vitufe na machaguo. Jambo hili lilimfaa mtengenezaji, kwa sababu aliweza kuonyesha kila sifa ya chombo chake. Lakini lilifunga pamoja mambo mawili yaliyo tofauti: uwezo wa skana na sura ambayo mtumiaji anaiona. Ikiwa skana iko katika kompyuta moja na mtumiaji yuko mbele ya nyingine, dirisha hilo halina mahali pazuri pa kukaa.

5.0 SANE na Hati Yake

Mwaka 1996 David Mosberger na Andreas Beck walianzisha mradi wa SANE kwa ajili ya mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux. Kwa maoni yetu, lililo muhimu zaidi kihistoria katika mradi huo ni hati iliyouelezea. Waanzilishi waliandika kiolesura chenyewe kama waraka unaojitegemea, wakauachia umma bila haki ya kuumiliki. Mtu yeyote aliweza kuusoma waraka huo na kutengeneza kiendeshi au programu bila kuomba ruhusa na bila kununua chochote.

Hati ya SANE inatenganisha pande mbili. Upande wa nyuma ni kiendeshi kinachoijua skana. Upande wa mbele ni programu inayozungumza na mtu. Amri zinazopita kati yao ni chache. Programu huanza kwa kujitambulisha na kuulizia namba ya toleo. Huomba orodha ya vyombo vilivyopo, kisha hufungua kimoja. Hukiuliza kina machaguo gani. Hupanga thamani za machaguo hayo, huamuru kazi ianze, huuliza vipimo vya taswira inayokuja, halafu husoma data kipande kwa kipande mpaka mwisho. Baada ya hapo hufunga chombo na kuondoka.

Kiini cha ubunifu wake kimo katika machaguo. Kiendeshi hakileti dirisha. Huleta maelezo: chaguo hili linaitwa hivi, ni la namba nzima, namba ya desimali, maneno, au ndiyo na hapana; kipimo chake ni milimita, nukta kwa inchi au asilimia; na thamani zake zisizidi mpaka fulani. Programu ya upande wa mbele hujenga vitufe vyake kutokana na maelezo hayo. Hati imeweka pia majina machache ya lazima yanayoeleweka na wote, kama vile wingi wa nukta na pembe za eneo litakalosomwa. Hivyo programu inaweza kuitumia skana ambayo mwandishi wake hajapata kuiona maishani.

Kwa kuwa dirisha halimo katika kiendeshi, amri zilezile zinaweza kusafirishwa kwa mtandao. SANE ina kiendeshi ambacho hakijui skana yoyote. Kazi yake ni kupeleka maombi katika kompyuta nyingine na kurudisha majibu. Programu haihisi tofauti. Aidha, programu na dirisha lake zinaweza kuandikwa kwa lugha ya watumiaji, jambo lenye maana kwa wapenzi wa Kiswahili waliokwisha kuona mwaka 2004 programu za ofisi zikitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice katika kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

6.0 Maana Yake kwa Masisi na Walikale

Tuseme ofisi, parokia au chama cha wakulima katika milima hiyo kinataka kuhifadhi taswira za vyeti na madaftari yake. Ukurasa wa kawaida wa A4 ukisomwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili ni takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni megabaiti moja na kidogo. Mahali ambapo umeme hutoka katika jenereta au paneli za jua, na data husafirishwa kwa gharama, tofauti hiyo huamua kama kurasa elfu moja zitahifadhiwa au la. Lakini mhuri mwekundu na saini ya bluu huweza kupotea katika nyeusi na nyeupe, na katika kesi ya ardhi mhuri ndio hoja. Uamuzi huo unamhitaji anayeijua thamani ya karatasi, na kiolesura kinachomruhusu kuchagua bila kufungwa na matakwa ya mtengenezaji.

Jambo la pili ni umri wa vyombo. Skana zinazofika vijijini mara nyingi ni za mitumba, na kampuni iliyoziunda huenda imeacha kutoa viendeshi kwa kompyuta mpya. Mwenye chombo cha namna hiyo hana la kufanya ikiwa siri ya chombo ilibaki kiwandani. Pale ambapo kanuni zimeandikwa na kuwekwa wazi, watu wa mbali wamekuwa wakitunza viendeshi vya skana zilizoachwa na watengenezaji wake, na skana hizo zinaendelea kufanya kazi.

Jambo la tatu ni mfano wa pwani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliwekwa katika taswira za kidijitali katika mwongo wa 2010 bila miswada yenyewe kuondolewa kwa wenyewe. Kanuni hiyo inafaa pia bara. Wakati wa ukoloni karatasi za Kivu ziliondoka na wananchi wakabaki mikono mitupu. Leo inawezekana taswira isafiri na karatasi ibaki, au karatasi iliyo Brussels ibaki huko na taswira yake irudi Masisi.

7.0 Mipaka na Hatari

Tusiidai teknolojia kile isichoweza kutoa. Kiolesura cha skana hukabidhi nukta na vipimo vyake. Hakijui kama cheti kilitolewa kihalali, wala kama kilipatikana kwa kumnyang'anya mtu aliyekuwa akilima hapo. Taswira safi ya cheti cha dhuluma ni dhuluma iliyohifadhiwa vizuri. Ndiyo maana zoezi lolote la kuhifadhi vyeti vya ardhi katika Masisi linapaswa kwenda pamoja na kurekodi ushahidi wa wazee, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali hapo, la sivyo upande wenye karatasi utaongezewa nguvu na upande wenye kumbukumbu za mdomo utafutwa mara ya pili.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Orodha za wahamiaji wa mwaka 1937 hadi 1955 zinaweza kumsaidia mtu kuthibitisha uraia wake. Zinaweza pia kumsaidia adui yake kumtambua. Nchini Rwanda mwaka 1994, vitambulisho vilivyotaja kabila vilitumika vizuizini kuwachagua wa kuuawa. Orodha iliyokuwa ikisomwa na karani mmoja huweza, ikishakuwa taswira, kunakiliwa mara elfu kwa dakika chache. Tunapendekeza kwa hiyo kwamba uwazi wa kiolesura usichanganywe na uwazi wa yaliyomo. Kanuni za kusoma karatasi ziwe wazi kwa wote. Ruhusa ya kusoma karatasi yenye majina ya watu itolewe kwa uangalifu, na wenye majina hayo au wazao wao wawe na sauti katika uamuzi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya kiolesura cha skana ni historia ya makubaliano: kwanza juu ya faili mwaka 1986, kisha juu ya amri mwaka 1992, na hatimaye, kuanzia mwaka 1996, juu ya hati iliyo mali ya umma. Katika kila hatua, upande uliokuwa umeshika siri ulilazimika kuiandika ili upande wa pili uweze kuisoma. Historia ya Masisi na Walikale inaonyesha kinyume chake: makubaliano ya ardhi na ya uraia yaliandikwa upande mmoja, yakawekwa mbali, yakabadilishwa mara tatu, na waliohusika wakaambiwa waonyeshe karatasi ambazo hawakupewa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya hapa. Hati za violesura kama SANE bado hazijaandikwa upya kwa Kiswahili, na istilahi zake zinahitaji kuchunguzwa na kujaribiwa pamoja na wasemaji wa Kivu, ambao istilahi zao nyingi za kisasa zimepitia Kifaransa. Kazi hiyo ikifanywa, kijana wa Walikale ataweza kusoma kwa lugha yake namna chombo kinavyosoma karatasi ya babu yake, na kukitengeneza kinapoharibika.